Kifaru kikipanda mizani: injini, uzito na ngao

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaijua hesabu ya tani na dizeli kuliko wengi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua ni kifaru kipi cha kivita kinachofaa barabara na madaraja ya Afrika Mashariki.

Lori la shehena linalotoka Mombasa kwenda Kampala hupimwa Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Upande wa Uganda kuna mizani ya Busitema. Kila kituo kina swali moja: gari hili na mzigo wake ni tani ngapi, na tani hizo zimekaa juu ya ekseli zipi? Dereva na utingo wake wana maswali mengine mawili wanayojiuliza tangu wanapofunga turubai. Injini itaumudu mlima wa Timboroa na mzigo huu? Na ikitokea ajali, wizi au mvua, mzigo una kinga gani?

Uzito, nguvu ya injini na kinga ni hesabu ya kila siku ya mfanyabiashara wa Busia, Malaba na Tororo. Ni hesabu pia ya mhandisi anayeunda kifaru cha kivita. Akiongeza kinga, uzito unapanda. Uzito ukipanda, anahitaji injini kubwa zaidi. Injini ikikua inakunywa mafuta mengi na kuchukua nafasi kubwa, na nafasi hiyo nayo lazima ikingwe. Hakuna kifaru duniani kilichoshinda mambo yote matatu kwa pamoja.

Watu wa mpaka huu wana sababu ya kuijua hesabu hiyo. Majeshi ya Kenya na Uganda yote yana vifaru. Baadhi yake vilinunuliwa wakati wa ugomvi wa nchi hizi mbili, na ugomvi huo ulipopamba moto, waliokuwa wa kwanza kufunga duka walikuwa wafanyabiashara wa mpakani.

Ugomvi ulioleta vifaru 76

Februari 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda kihistoria. Busia na Malaba zilikuwa ndani ya eneo hilo. Julai mwaka huo, baada ya makomando wa Israel kuwaokoa mateka Entebbe na ndege zao kujaza mafuta Nairobi, uhusiano ukaharibika zaidi. Kenya ilidai kulipwa kwa fedha za kigeni, na mafuta na bidhaa za Uganda zikakwama njiani. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika.

Katika hali hiyo Kenya iliagiza vifaru kutoka Uingereza, aina ya Vickers Mk 3. Vilianza kuwasili mwishoni mwa miaka ya 1970, na mapema miaka ya 1980 vilikuwa vimefika 76. Kila kimoja kina uzito wa karibu tani 39, mzinga wa milimita 105 na injini ya dizeli ya Detroit Diesel yenye nguvu za farasi 720. Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na zile zilizoendesha mabasi na malori ya Marekani kwa miongo mingi. Kwa jeshi lisilo na kiwanda cha vifaru, hilo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa fundi aliyezoea dizeli kubwa hakuanza na kitu kigeni kabisa.

Upande wa pili, Amin alikuwa na vifaru vya zamani vya Sherman vilivyotoka Israel, vyenye tani 30 hivi na injini za petroli. Alikuwa pia na T-54 na T-55 vya Kisovieti. T-55 ina tani 36, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 580 na mzinga wa milimita 100.

Vifaru vya Kenya na vya Amin havikupigana. Vita vilikuja kutoka kusini. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Tanzania ikajibu. Mpaka wa Kenya nao haukusalimika. Kuanzia tarehe 2 hadi 4 Machi 1979, wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin walivamia Tororo wakitokea Kenya. Sehemu ya kikosi cha Tororo iliasi na kujiunga nao. Majeshi yaliyomtii Amin, yakisaidiwa na ndege za kivita, yaliwashinda. Kwa siku hizo tatu, mji ambao kazi yake ni saruji, reli na shehena ulikuwa uwanja wa vita.

Daraja ndilo lililoamua

Vita vya 1978 na 1979 vilionyesha jambo ambalo dereva yeyote wa lori angelitabiri. Kwa chombo kizito, nguvu ya injini haina maana kama mbele hakuna daraja.

Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilipua daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, ambavyo ni ndugu wa T-54 ya Kisovieti. Vina tani 36 na injini ya nguvu za farasi 520. Kabla ya vifaru hivyo kuvuka, ilibidi wahandisi wa jeshi waweke madaraja ya muda. Kila tani iliyozidi ingekuwa kazi zaidi kwao.

Tarehe 10 na 11 Machi 1979, mapigano makubwa yalifanyika Lukaya, ambako barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi. Huko kifaru hakina pa kwenda zaidi ya barabarani. Kikiacha lami kinazama, na kikisimama mbele kinawazibia walio nyuma. Ni foleni ile ile ambayo lori moja lililoharibika darajani huisababisha, ila hapa foleni inapigwa mizinga.

Kampala iliangukia mikononi mwa Tanzania tarehe 11 Aprili 1979. Baadaye mwezi huo majeshi ya Tanzania yaliteka bwawa la Owen Falls pale Jinja kabla halijabomolewa. Barabara ya kwenda mashariki ilipita juu ya bwawa hilo, na ndiyo iliyofungua njia ya Tororo. Lingelipuliwa, vifaru vingekwama ukingoni mwa Nile, na shehena ya Mombasa ingekwama navyo kwa muda mrefu baada ya vita kwisha.

Injini: farasi wangapi kwa kila tani

Anayelinganisha vifaru haangalii nguvu ya injini peke yake. Huigawanya kwa uzito. Lori la tani 56 lenye injini ya nguvu za farasi 420 lina farasi saba na nusu kwa kila tani, ndiyo maana hupanda mlima likitambaa. Kifaru kinahitaji mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu lazima kitoke mafichoni kwa kasi, kivuke mtaro na kupita shambani.

Kwa hesabu hiyo, T-55 ina farasi 16 kwa tani na Vickers ya Kenya kati ya 18 na 19. T-90S ya Urusi, ambayo Uganda iliipata kuanzia 2011, ina tani 46.5 na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 1,000, yaani farasi 21 na nusu kwa tani. Ni tofauti kubwa na T-55, ingawa uzito umeongezeka kwa tani 10 tu.

Vifaru vikubwa vya nchi za Magharibi vina injini za nguvu za farasi 1,500. Leopard 2A6 ya Ujerumani ina tani 62 hivi, kwa hiyo hupata farasi 24 kwa tani. Abrams ya Marekani, katika toleo la M1A2 SEPv3, imefikia karibu tani 67 na kushuka hadi 22 na nusu. Leclerc ya Ufaransa na K2 ya Korea Kusini zina tani 55 au 56 kwa injini ya nguvu ile ile, na hupata 27 hivi. Challenger 2 ya Uingereza ina injini ya nguvu za farasi 1,200 kwa tani 62 na nusu. Inapata farasi 19 tu, kwa sababu Waingereza walichagua ngao kabla ya mbio.

Abrams ina jambo lake la pekee. Injini yake si ya dizeli ya kawaida, bali ni tabo kama ya helikopta. Ni nyepesi na huitikia upesi, na inaweza kutumia mafuta ya aina kadhaa. Hasara yake iko kwenye pampu ya mafuta. Tangi zake hubeba lita 1,900 hivi, na kwa barabara nzuri hukifikisha kifaru karibu kilomita 426. Hiyo ni zaidi ya lita nne kwa kilomita moja, mara kumi hivi ya lori la shehena. Abrams iliyojazwa mafuta Mombasa haifiki Nairobi. Hata ikiwa imesimama huku injini inazunguka, inaendelea kunywa. Tabo pia huvuta hewa nyingi sana, na katika nchi ya vumbi jekundu vichujio vyake ni kazi ya kila siku.

T-90S, ikiwa na mapipa ya mafuta ya ziada nyuma, hubeba lita 1,600 na kwenda kilomita 550 hivi. Ingeipita Nairobi, lakini Malaba bado ingekuwa mbali. Kwa hiyo nyuma ya kila kikosi cha vifaru lazima kuwe na msururu wa malori ya mafuta. Mfanyabiashara anayenunua dizeli yake iliyosafirishwa kutoka Mombasa anajua kwamba mafuta hayafiki Tororo bure, na kwamba lori la mafuta nalo hutumia mafuta.

Uzito: kifaru na sheria ya ekseli

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa 2013, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye magurudumu manne tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18 na tatu tani 24.

Sababu ya ukali huo ilipimwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye barabara za majaribio za Illinois. Ilionekana kwamba madhara kwa lami hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito. Kanuni iliyotokana na majaribio hayo inasema madhara huongezeka kwa uzito wa ekseli ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umezidi kwa asilimia 20 lakini barabara imeumizwa mara mbili.

Sasa kipandishe kifaru kwenye mizani hiyo. Vifaru havisafirishwi safari ndefu kwa minyororo yao. Hupakiwa kwenye trela la chini la kubebea mitambo au kwenye behewa la reli. Kichwa cha lori na trela tupu la aina hiyo vina tani 20 au zaidi. T-55 ikipakiwa, jumla ni tani 56 hivi, yaani inagusa kikomo. T-90S inafika tani 67 au zaidi, na inahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida. Abrams inavuka kikomo ikiwa peke yake, kabla ya kuhesabu trela. Pamoja na trela inakaribia tani 90.

Chini ya minyororo, hata hivyo, mambo yanageuka. Uzito wa kifaru hutawanywa juu ya minyororo miwili mirefu na mipana, hivyo kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba karibu kilo moja tu. Gurudumu la lori lililojazwa upepo vizuri hubana ardhi kwa kilo saba au nane kwa sentimita hiyo hiyo. Ndiyo sababu kifaru cha tani 46 kinaweza kupita kwenye shamba lenye tope ambamo lori la tani 20 lingezama hadi ekseli. Lakini daraja halijali uzito umetawanywa vipi kwenye sentimita. Nguzo zake hubeba tani zote kwa pamoja. Na kifaru kinapokata kona kwenye lami, minyororo ya chuma huichuna, ndiyo maana majeshi huivalisha pedi za mpira.

Kuna pia siku ya kuharibika. Lori likifa njiani huitwa gari la kuvuta. Kifaru cha tani 40 hakivutwi na chochote isipokuwa chombo cha uzito wake, na Kenya iliponunua vifaru 76 iliagiza pia magari maalumu ya kuviokoa, yaliyojengwa juu ya mwili wa kifaru hicho hicho. Nchi inayonunua kifaru cha tani 65 lazima inunue pia gari la kukivuta, trela la kukibeba na pengine madaraja ya kukivusha.

Ngao: chuma, tofali na jicho

Ngao ya kwanza ni chuma kinene kilichoinamishwa. Bamba la mbele la T-55 lina milimita 100, lakini limelazwa kiasi kwamba risasi inayokuja moja kwa moja hukutana na milimita 200 za chuma. Hilo lilitosha dhidi ya mizinga ya zamani. Halikutosha tena silaha nyepesi ya begani aina ya RPG-7 ilipoenea. Kichwa chake hakitoboi kwa kasi, bali mlipuko wake hurusha ncha nyembamba ya shaba iendayo kwa kasi kubwa mno, na hata aina zake za mwanzo hupenya zaidi ya milimita 250 za chuma. Silaha inayobebwa na mtu mmoja iliweza kuua chombo cha tani 36.

Jibu la kwanza lilikuwa kuchanganya vitu. Mwaka 1976 Uingereza ilitangaza deraya ya Chobham, ambayo ndani yake chuma hupangwa pamoja na vitu vigumu vya jamii ya kauri. Deraya ya namna hiyo huivunja ncha ile kabla haijapita. Abrams, Leopard 2 na Challenger 2 hutumia deraya za mchanganyiko, na humo ndimo sehemu kubwa ya tani zao ilimo.

Warusi waliongeza njia nyingine nyepesi. T-90S huvalishwa vipande kama matofali vyenye baruti ndani, vinavyoitwa Kontakt-5. Kombora likigonga tofali, tofali hulipuka kuelekea nje na kuipotosha nguvu yake. Kinga hiyo hupatikana kwa uzito mdogo, lakini tofali likishalipuka, pale palipokuwa nalo pamebaki wazi. Na askari anayetembea karibu na kifaru hicho yuko hatarini kuumizwa na kinga ya wenzake.

Ngao ya tatu ni ya kuona kwanza. Merkava Mk 4 ya Israel ina tani 65 na injini ya nguvu za farasi 1,500 iliyowekwa mbele, ili nayo iwe kinga kwa watu waliomo. Juu yake hufungwa mfumo wa Trophy, wenye rada inayoona kombora likija na kulipiga kabla halijafika. Ulitumika vitani kwa mara ya kwanza mwaka 2011.

Kuna pia swali la nini kitatokea kinga ikishindwa, na hapa tofauti ni kubwa. T-72 na T-90 huwa na watu watatu tu, kwa sababu mashine ndiyo inayojaza mzinga. Risasi 22 hukaa kwenye duara chini ya miguu ya askari. Hilo limefanya kifaru kiwe kifupi na chepesi. Lakini moto ukizifikia risasi hizo, kichwa cha kifaru hurushwa hewani na hakuna anayetoka. Abrams ina watu wanne, na risasi nyingi hukaa nyuma kwenye chumba chenye mlango mzito. Zikilipuka, mabamba ya juu hufunguka na moto hutokea nje. Sehemu ya zile tani 20 zinazotenganisha Abrams na T-90S ni bei ya kuwarudisha askari hai.

Hata hivyo vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba hakuna bei inayomaliza swali. Marekani ilitoa Abrams 31 mwaka 2023. Kufikia Aprili 2024, maafisa wa Marekani walisema vifaru hivyo vimerudishwa nyuma kwa sababu ya droni. Droni ndogo yenye baruti, ya dola mia kadhaa, hushuka juu ya kifaru cha mamilioni ya dola pale deraya ilipo nyembamba zaidi. Pande zote mbili sasa hufunika vifaru vyao kwa vizimba vya nondo na wavu, kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea wa Busia angeifanya kwa siku moja.

Kilichofaa katika eneo hili

Wanajeshi wa Uganda walipopelekwa Mogadishu kuanzia 2007 chini ya Umoja wa Afrika, walitumia T-55. Kwenye orodha za dunia kifaru hicho ni cha kizamani. Lakini katika mitaa ile adui hakuwa na vifaru. Kilichohitajika ni mzinga unaobomoa ukuta, chuma kinachozuia risasi za bunduki, na injini ambayo fundi anaweza kuitengeneza mbali na nyumbani. Tani 36 zilitosha. Agosti 2011 al-Shabaab waliondoka kwenye sehemu kubwa ya mji huo.

Bandari ya Mombasa nayo ina kisa chake, na kila anayeshika hati za mizigo atakielewa. Tarehe 25 Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Ililipiwa kikombozi cha dola milioni 3.2, ikaachiwa Februari 2009 na kushusha mzigo Mombasa. Kenya ilisema vifaru ni vyake. Lakini kwenye hati kulikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini, huku maafisa wa Kenya wakisema ni kifupisho cha ndani cha idara ya ulinzi. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja 2010 zilionyesha kwamba mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini. Nchi isiyo na bandari lazima ipitishe vifaru vyake kwa jirani, kama inavyopitisha ngano na mitumba. Na mzigo ambao hati zake hazisemi ukweli huleta maswali popote, uwe wa tani moja au elfu moja.

Kwa ufupi

T-55: tani 36, nguvu za farasi 580, farasi 16 kwa tani.
Vickers Mk 3: tani 39, nguvu za farasi 720, kati ya 18 na 19 kwa tani.
T-90S: tani 46.5, nguvu za farasi 1,000, farasi 21 na nusu kwa tani.
Leclerc: tani 56, nguvu za farasi 1,500, kati ya 26 na 27 kwa tani.
Leopard 2A6: tani 62, nguvu za farasi 1,500, farasi 24 kwa tani.
Challenger 2: tani 62.5, nguvu za farasi 1,200, farasi 19 kwa tani.
Abrams M1A2 SEPv3: tani 67, nguvu za farasi 1,500, farasi 22 na nusu kwa tani.

Hesabu ya mpakani

Desemba 1987, wanajeshi wa Uganda na maafisa wa usalama wa Kenya walirushiana risasi pale Busia. Watu walikufa na mpaka ukafungwa. Hakuna aliyehitaji kifaru cha tani 60 kuifunga biashara ya mpaka mzima. Bunduki za siku chache zilitosha. Malori yalisimama, na bidhaa za kuoza zilioza. Kabla mwezi huo haujaisha, Rais Daniel arap Moi na Rais Yoweri Museveni walikutana Malaba kutuliza mambo.

Miaka 30 baadaye, tarehe 24 Februari 2018, Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na lori hukaguliwa upande mmoja tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale. Karatasi hiyo haina uzito wa kupimika kwenye mizani, wala haili mafuta.

Ikiwekwa kwenye hesabu ya injini, uzito na ngao, hiyo nayo ni ngao. Inamkinga mama anayevusha mahindi na kijana wa bodaboda anayembebea gunia, kazi ambayo inasimuliwa kuwa ilianzia hapa hapa Busia kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Vickers 76 ziliagizwa wakati mlango huo ulipokuwa unafungwa. Zimekaa miaka zaidi ya 40 bila kupiga risasi hata moja kuelekea Tororo, na kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili, hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo kifaru kinaweza kufanya.